Michezo 41

Usiku wa tarehe 26 Aprili 2017, katika ngwe ya nne ya mchezo wa besiboli kati ya Pittsburgh Pirates na Chicago Cubs, kijana wa miaka 27 aliitwa kutoka benchi. Mdakaji wa Pittsburgh, Francisco Cervelli, alimkumbatia kwa nguvu, kama mtu anavyompokea ndugu aliyerudi kutoka safari ndefu. Zamu ya Pittsburgh ilipofika, kijana huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika gongo. Mbele yake alisimama Jon Lester, mrushaji wa timu iliyokuwa imetwaa ubingwa wa mwaka uliotangulia. Kijana akaupiga mpira ukapenya katikati ya walinzi, akakimbia, akafika besi ya kwanza salama. Tangu ligi kongwe ya besiboli ya Marekani ianzishwe mwaka 1876, hakuna mtu aliyezaliwa na kukulia barani Afrika aliyekuwa amewahi kufika pale.

Jina lake ni Gift Ngoepe. Habari zake zilisambaa dunia nzima siku ile kama habari za furaha, na kweli zilikuwa za furaha. Picha za usiku ule nimezitazama mara nyingi na bado zinanigusa. Kinachonisumbua ni kwamba hadithi huishia hapo, kwenye besi ya kwanza, wakati yaliyotangulia na yaliyofuata ndiyo yanayoonyesha kazi hii inamtaka mtu atoe nini.

Alizaliwa Januari 1990, mwezi mmoja kabla Nelson Mandela hajatoka gerezani. Mama yake, Maureen, alipata kazi ya usafi na uangalizi katika klabu ya besiboli ya Randburg Mets, kaskazini mwa Johannesburg. Alipewa chumba humo humo ndani ya jengo la klabu, akaishi humo yeye na wanawe. Watoto wengine waliletwa uwanjani kwa magari ya wazazi wao jioni, wakacheza, wakaondoka. Gift alikuwa akilala hapo. Alfajiri akifungua mlango, uwanja ulikuwa ukimtazama. Katika nchi ambayo mtoto mweusi hukua na soka, na mweupe hukua na raga au kriketi, yeye alilelewa na mchezo ambao Waafrika Kusini wengi hawakuwa wamewahi kuuona ukichezwa.

Nafasi aliyoipenda ni ile ya mlinzi anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu. Ni nafasi inayotaka miguu mepesi na mikono isiyotetereka, maana mipira mingi ya chini huelekea huko, na mlinzi ana muda mfupi mno wa kuudaka mpira, kugeuka na kuurusha. Kwa kuzuia, Ngoepe alikuwa na kipaji cha kuzaliwa. Kupiga ndiko kulikompa shida, na shida hiyo haikumwacha mpaka mwisho.

Akiwa bado kijana mdogo alifika Tirrenia, pwani ya Italia karibu na Pisa, ambako ligi kuu ya Marekani ilikuwa na kambi ya kufundishia vijana wa Ulaya na Afrika. Miongoni mwa walimu alimkuta Barry Larkin, aliyecheza nafasi hiyo hiyo katika timu ya Cincinnati kwa misimu 19. Mwaka 2008 Pirates wakamsajili. Alikuwa na miaka 18, na alikuwa Mwafrika Kusini mweusi wa kwanza kusaini mkataba na klabu ya ligi kuu ya besiboli. Mtu aliyezoea soka angedhani kijana ameshafika. Kumbe alikuwa amekanyaga kipago cha kwanza tu cha ngazi ndefu sana.

Ligi kuu ina klabu 30. Wakati huo kila klabu ilikuwa na wachezaji 25 katika kikosi chake, yaani nafasi 750 duniani kote. Chini ya kila klabu zilipangwa timu sita, saba au zaidi za ligi ndogo, moja juu ya nyingine, na maelfu ya vijana wakizijaza. Mwaka huo wa 2008 peke yake, klabu ziliteua vijana zaidi ya 1,500 katika uchaguzi wao wa Juni, bila kuhesabu waliosajiliwa kutoka Jamhuri ya Dominika, Venezuela na kwingineko. Kwa makadirio ya kawaida, kati ya kumi wanaoingia katika ngazi hiyo, mmoja tu hufika juu hata kwa siku moja.

Kwa nini basi klabu ziwasajili hao wote? Jibu linauma, na makocha huwa hawalisemi mbele ya wazazi siku ya kusaini. Kijana mmoja mwenye kipaji kikubwa, aliyelipwa mamilioni kwa sahihi yake, hawezi kukomaa akiwa peke yake. Anahitaji wanane wa kusimama naye uwanjani na tisa wa kumkabili, usiku baada ya usiku, kwa miaka. Wengi wa wanaosajiliwa huletwa kwa kazi hiyo. Wao wenyewe hawaambiwi, na kila mmoja huamka asubuhi akiamini kwamba yeye ndiye yule mmoja.

Ngoepe alipanda taratibu. Mwaka 2009 alianzia Bradenton, Florida, kwenye ligi ya wanagenzi. Mwaka uliofuata akapelekwa State College, Pennsylvania, kisha West Virginia, kisha akarudishwa Bradenton kwenye timu ya daraja la juu kidogo. Miaka minne ilikwisha hivyo, na bado alikuwa mbali.

Katika miaka hiyo mchezaji wa mwaka wa kwanza alilipwa dola 1,100 kwa mwezi, na ni kwa miezi ya msimu tu, takriban mitano au pungufu. Mazoezi ya Machi, ambayo ni lazima, hayakuwa na mshahara. Posho ya chakula safarini ilikuwa dola 25 kwa siku. Nyumba alijitafutia mwenyewe, na kwa kipato hicho vijana watano au sita walipanga nyumba ya vyumba viwili, wengine wakalala sebuleni kwenye magodoro ya kujaza upepo. Klabu ikimpandisha mmoja wao, au ikimteremsha, au ikimtema, aliondoka siku hiyo hiyo na begi lake. Deni la kodi lilibaki kwa waliobaki. Baada ya mchezo wa usiku, saa nne au saa tano, kilichokuwa mezani mara nyingi kilikuwa mkate na siagi ya karanga. Hao ni wanamichezo ambao miili yao ndiyo mtaji wa klabu zenye thamani ya mamia ya mamilioni ya dola.

Mwenzake Mmarekani aliweza angalau kurudi kwa wazazi wake msimu ukiisha, akabeba mizigo ghalani au akafundisha watoto mpaka Februari. Mgeni aliyeingia kwa viza ya mchezaji hakuruhusiwa kufanya kazi nyingine yoyote Marekani. Kwao Johannesburg ni safari ya zaidi ya saa 15 angani, na nauli yake si mchezo.

Mtu atauliza kwa nini kijana asiyeridhika asiondoke akatafute klabu nyingine. Hapo ndipo ilipo historia yenyewe. Mwaka 1879 wenye klabu walikubaliana kimya kimya kwamba kila mmoja ataweka akiba wachezaji wake watano, na wengine hawatawagusa. Watano wakawa kikosi kizima, na akiba ya mwaka mmoja ikawa ya maisha. Mwaka 1922 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba besiboli haiguswi na sheria za kuzuia ukiritimba wa biashara. Karibu wakati huo huo Branch Rickey, mkuu wa klabu ya St. Louis Cardinals iliyokuwa haina fedha za kushindana sokoni, akabuni njia yake: anunue timu ndogo za miji midogo na kuotesha wachezaji humo. Wamarekani wenyewe waliuita mfumo wa mashamba, na neno hilo linajieleza. Kufikia miaka ya 1930 Cardinals walikuwa na wachezaji kwa mamia, wengi wao wakizeeka katika timu za chini kwa sababu juu palijaa na kutoka hapakuruhusiwa. Mwaka 1938 kamishna wa besiboli, Kenesaw Mountain Landis, ambaye hakuupenda mfumo ule, aliwaachia huru zaidi ya 70 kwa mkupuo mmoja. Mfumo wenyewe ukabaki, na klabu zote zikauiga.

Kuna jina moja ambalo ningependa lijulikane zaidi kuliko linavyojulikana, nalo ni George Toolson. Alikuwa mrushaji katika timu ya Newark, mali ya New York Yankees. Yankees wa miaka ile walikuwa na warushaji hodari mpaka wakawa hawana pa kuwaweka, na Toolson aliamini kwamba klabu nyingine ya ligi kuu ingempa nafasi. Lakini hakuwa na ruhusa ya kuzungumza nayo. Mwaka 1950 aliamriwa ateremke kwenda Binghamton. Alikataa. Jina lake likaandikwa katika orodha ya wasioruhusiwa kucheza, na mlango ukafungwa. Akaenda mahakamani, kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu, na tarehe 9 Novemba 1953 akashindwa kwa majaji saba dhidi ya wawili. Hukumu ya walio wengi ni aya moja. Inasema kwamba utaratibu huu umedumu miaka mingi, na kama una kasoro basi Bunge ndilo lirekebishe. Mtu aliweka rehani riziki yake yote kwa ajili ya swali hilo, akajibiwa kwa aya moja.

Curt Flood, nyota wa Cardinals aliyekataa kuhamishiwa Philadelphia mwaka 1969, alishindwa vivyo hivyo mwaka 1972, ila kelele zake zilifungua njia. Mwaka 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba klabu haiwezi kumfunga mchezaji milele, na wachezaji wa ligi kuu wakapata uhuru wa kujiuza, kisha utajiri. Uhuru huo haukushuka ngazi. Chama cha wachezaji kilikuwa cha ligi kuu, kikapigania watu wake. Mwaka 1998 Bunge lilipopitisha sheria yenye jina la Flood, liliandika wazi kwamba haiwahusu wachezaji wa ligi ndogo. Ngoepe alipoingia, muongo mmoja baadaye, mkataba wa kawaida wa kijana uliipa klabu misimu saba ya kummiliki.

Mwaka 2013 alifika Altoona, mji wa reli katika milima ya Pennsylvania, timu ya daraja la pili kutoka juu katika ligi ndogo. Uwanja wa Altoona ulikuwa na kitu kimoja ambacho mtu akikiona hakisahau: nyuma ya ukuta wa upande wa kulia palikuwa na njia ya mbao ya vigari vya starehe, vilivyopanda polepole na kuporomoka kwa kishindo, huku watoto wakipiga mayowe. Wachezaji walisimama uwanjani na mandhari hayo nyuma yao, msimu mzima. Safari ya kwenda kucheza Portland, jimbo la Maine, ni takriban kilomita 900 kwa basi. Waliondoka usiku baada ya mchezo, wakafika asubuhi, wakalala saa chache, wakaingia uwanjani.

Mwaka huo huo Maureen aliugua nimonia. Mwanawe alikuwa ng'ambo ya bahari. Maureen akafariki. Alikuwa amefagia vyumba vya klabu na kumwacha mtoto wake acheze nje, na huo ndio mwanzo wa yote. Ngoepe aliendelea kucheza, na wastani wake wa kupiga huko Altoona msimu huo ukabaki chini ya .200, yaani hakufanikiwa hata mara mbili katika kila mara kumi. Takwimu hazina safu ya msiba. Meneja wa klabu akifungua kitabu chake mwisho wa mwaka anaona namba tu, na kwa namba hizo wengi hutemwa. Ngoepe hakutemwa kwa sababu mikono yake katika ulinzi ilikuwa adimu. Alikaa Altoona sehemu ya misimu mitatu. Mwaka 2015 alifika Indianapolis, kipago cha mwisho chini ya ligi kuu, akasubiri hapo 2015, 2016, na mwanzo wa 2017. Watu waliosaini naye walikuwa wameshaoa, wameshastaafu, wameshasahauliwa.

Mlango ulipofunguka, ulifunguliwa na mikosi ya wengine. Jung Ho Kang, mlinzi kutoka Korea Kusini, alikosa viza baada ya kesi ya kuendesha gari akiwa amelewa. Starling Marte alifungiwa michezo 80 kwa dawa zilizopigwa marufuku. David Freese aliumia. Pirates walibaki na pengo la mtu wa kuzuia, wakamwita Ngoepe. Siku mbili kabla yake walikuwa wamempa nafasi Dovydas Neverauskas, wa kwanza aliyezaliwa na kulelewa Lithuania kucheza ligi hiyo. Nadhani wachezaji wote wa ligi ndogo wanaijua hali hii na hawapendi kuizungumza: unamwombea mwenzako mema kwa moyo safi, na bado unajua kwamba kitakachokupa nafasi ni yeye kuteguka.

Mshahara wa chini wa ligi kuu mwaka huo ulikuwa dola 535,000 kwa msimu, ukihesabiwa kwa siku ulizokaa. Siku moja ya Pittsburgh ilizidi mshahara wa miezi miwili wa mchezaji wa mwaka wa kwanza huko chini. Ndiyo maana watu hung'ang'ania mpaka miaka 30.

Warushaji wa ligi kuu walihitaji wiki chache tu kumsoma. Katika michezo 28 alipiga kwa mafanikio mara 12 kati ya 54, wastani wa .222, akarudishwa Indianapolis. Novemba Pirates wakampeleka Toronto Blue Jays. Mwaka 2018 alicheza Toronto michezo 13, akafanikiwa mara moja kati ya 18. Akateremshwa, na hakupanda tena. Jumla ni michezo 41, mipigo 13 katika majaribio 72. Misimu minane kamili ya ngazi kabla, kwa ajili ya michezo 41. Nani atathubutu kumwambia kwamba hakufaulu? Kati ya maelfu waliopanda mabasi yale pamoja naye, yeye ni miongoni mwa wachache sana waliofika.

Mdogo wake, Victor, alisajiliwa na Pirates hao hao mwaka 2016. Yeye hakufika ligi kuu.

Huku chini mambo yalikuwa yameanza kuchemka. Februari 2014 Aaron Senne, aliyewahi kuchezea timu za chini za Miami Marlins, pamoja na wenzake, walizishtaki klabu kwa kuwalipa chini ya mshahara halali wa kima cha chini. Wenye klabu wakaenda Bungeni. Machi 2018, ndani ya mswada mkubwa wa bajeti wenye kurasa zaidi ya 2,000, kikapenyezwa kifungu kinachowaondoa wachezaji wa ligi ndogo katika ulinzi wa sheria za saa za ziada. Kesi haikufa. Mwaka 2022 ikaisha kwa klabu kukubali kulipa dola milioni 185. Septemba mwaka huo huo wachezaji wa ligi ndogo, kwa mara ya kwanza katika historia, wakaingia katika chama, na mwaka 2023 wakasaini mkataba wao wa kwanza wa pamoja. Mwaka huo wa 2023 aliyeanzia chini kabisa nchini Marekani alipata dola 19,800 kwa mwaka, na wa kipago cha mwisho dola 35,800. Nyumba hutolewa na klabu.

Ila kabla ya hapo ngazi yenyewe ilifupishwa. Mwaka 2021 ligi kuu ilipunguza timu zake za chini kutoka 160 hadi 120, na uchaguzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya ulishakatwa kutoka duru 40 hadi tano wakati wa korona, kisha ukawekwa duru 20. State College, alikochezea Ngoepe mwaka 2010, ikaondolewa. West Virginia, alikochezea 2011, ikaondolewa. Kijana wa leo mwenye mikono kama yake na gongo zito kama lake hana miaka minane ya kusubiriwa.

Afrika Mashariki nayo imeshaikaribia ngazi hii. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda mashindano ya kanda na kufuzu kwenda Williamsport, Pennsylvania, kwenye fainali za dunia za watoto, wakanyimwa viza kwa sababu ya hati zao. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi wakafika, timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko. Mwaka 2015 watoto wa Uganda waliifunga Jamhuri ya Dominika 4 kwa 1, nchi ambayo besiboli ni kama sala. Na mwaka 2022 Los Angeles Dodgers wakawasajili warushaji wawili vijana wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male.

Ule mkataba wa 2023, wenye mishahara mipya na nyumba, unawahusu wachezaji wa timu zilizoko Marekani na Kanada. Ligi ya Jamhuri ya Dominika, ambako klabu huwaweka vijana wa kigeni wanaoanza, iliachwa nje. Serunkuma na Male walipotoka Uganda, huko ndiko walikopelekwa kuanzia.